Kutegua Mitego Mlima Elgon Katika Mvua za Agosti

Jumatatu: Nakuru hadi Kitale

Mwezi wa Agosti, wakati mahindi ya Trans Nzoia yamesimama mashambani bila kukauka na ghala za mwaka uliopita zimekwisha, ndipo mitego ya waya huongezeka kando ya misitu ya magharibi. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, doria huwa ngumu kwa sababu ya matope, na ardhi laini humwonyesha mtegaji mapito ya mnyama bila yeye kuhangaika. Kwa sababu hizo hizo, kikundi kidogo cha wajitoleaji ninachoshirikiana nacho katika likizo za shule huchagua majira haya kwenda kutegua, kwa kuwa ardhi inayomsaidia mtegaji humsaidia pia yule anayemfuata.

Tuliondoka Nakuru kabla ya mapambazuko kwa pikapu ya kukodi, mimi na dereva mbele, vijana wa kikundi nyuma chini ya turubai pamoja na gambuti, sufuria na gunia la makaa. Salgaa tulipita bila kusimama. Timboroa, mahali ambapo reli ya kwenda Uganda hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba wauza viazi na kabeji tuliwaona tulipokuwa tumeshawafikia, na vijana waligonga kioo wakiomba tusimame ili wavae makoti yote waliyokuwa nayo. Dereva alicheka na kuwaambia kwamba waweke akiba ya malalamiko, kwa maana huko tuendako tungepanda juu zaidi ya hapo.

Baada ya Burnt Forest nchi hufunguka na kuwa uwanda mpana wa Uasin Gishu. Mwishoni mwa mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi Machi mwaka huo huo, alipiga kambi katika uwanda huu na kuwinda hadi kando ya mto Nzoia, mahali palipokuwa na kongoni, taya, tohe na kuro kwa makundi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari yao nzima ya Afrika. Leo msafiri haoni ila ngano, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mimi hulikumbuka jambo hilo kila ninapomsikia mtu akidai kwamba wanyama wa magharibi walimalizwa na maskini wa waya peke yake.

Kitale tulifika mchana, mvua ikiwa imeshaanza. Hapo tulimchukua mzee wa Kisabaoti ambaye ndiye mwalimu wetu halisi katika kazi hii, ingawa yeye husisitiza kuniita mimi mwalimu kwa sababu ya chaki. Alipokuwa mvulana aliwinda na baba yake mlimani kwa mbwa, mkuki na mitego ya kamba. Alikuwa mtu mzima serikali ilipopiga marufuku uwindaji wote wa michezo mwaka 1977, na marufuku hiyo haikumgusa sana, kwa kuwa leseni hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Leseni zilikuwa za watu wengine. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimwachi mtu hata yule anayewinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani, na mzee anaijua vizuri kuliko vijana wengi wa kijiji chake.

Jumanne: Saiwa

Kabla ya kupanda mlima huwa tunapitia Saiwa, mwendo mfupi kutoka Kitale, ili macho ya wageni yazoee kusoma ardhi. Saiwa ndiyo mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya, yapata kilomita tatu za mraba tu, na iliwekwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi kwenye kinamasi. Gari haliingii. Mtu hutembea kwa miguu juu ya madaraja ya mbao na kupanda kwenye majukwaa yaliyojengwa mitini, akiangalia matete kwa saa nyingi bila uhakika wa kuona chochote.

Tulipanda jukwaa alfajiri, mvua ya rasharasha ikianguka na baridi ikipenya kwenye viungo vya vidole. Mzee aliwaeleza vijana kwamba kukaa kimya kwenye baridi ni kazi inayofanywa na tumbo kwanza: aliyekunywa chai ya moto na kula viazi hukaa, na aliyetoka bila kula huanza kutikisa miguu kabla ya jua kuchomoza na kuwafukuza wanyama wa wenzake wote. Baadaye matete yalitikisika upande usio na upepo, na nzohe jike akatokea hadi kifuani, manyoya yake marefu yakidondosha maji. Kwato za nzohe ni ndefu na zimepanuka, hivyo hazizami kwenye tope. Na akitishwa huingia majini na kubakisha pua tu juu. Alikula polepole kwa muda mrefu, kisha akaingia kwenye kichochoro cha matete ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiona.

Kichochoro hicho ndicho tulichokuja kujifunza. Mzee aliwaonyesha vijana kwamba mnyama hapendi kufungua njia mpya kila siku, na kwamba penye matete mengi yaliyopinda kuelekea upande mmoja, yakiwa na tope kwenye urefu wa goti, hapo pana barabara. Mtegaji huitafuta barabara hiyo hiyo. Kwenye mpaka wa mbuga, mahali ambapo mahindi ya jirani yanakaribia kugusana na matete, tulipata kipande cha waya wa breki ya baiskeli kilichofungwa kwenye shina, kimeliwa na kutu na kusahauliwa. Askari aliyetuongoza alikikata na kukitia mfukoni bila kusema neno.

Jumatano: Chorlim na ukingo wa msitu

Lango la Chorlim liko mbele ya Endebess, na barabara ya kulifikia ilikuwa tope jekundu lililotulazimisha kushuka na kusukuma mara nyingi. Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon iliwekwa mwaka 1968 na ina kilomita 169 za mraba upande huu wa Kenya, tangu msitu wa podo, mitarakwa na miti ya teki ya Elgon hadi nyika ya juu yenye mimea mikubwa ya lobelia. Tulipewa askari wa wanyamapori wa kuongozana nasi, afande mpole mwenye asili ya Turkana, pamoja na maskauti wa kijiji. Bila afande hakuna anayegusa mtego, kwa sababu mtu anayekutwa msituni na waya mkononi hana namna rahisi ya kueleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiutoa.

Tulitembea kwa mstari, hatua kadhaa kati ya mtu na mtu, tukifuata ukingo wa msitu sambamba na mashamba. Hapa mvua ndiyo kalenda. Mzee huchuchumaa kando ya unyayo na kuangalia ndani yake: ukiwa na vidoti vya matone, mnyama alipita kabla ya mvua kunyesha, ukiwa msafi na kingo zake ni kali, alipita baada ya mvua kukatika, na ukiwa na maji yaliyotulia na kuwa safi, matope yameshapata muda wa kushuka chini, kwa hiyo usimfuate, yuko mbali. Unyayo wa pongo, swala wa vichakani, ni mwembamba wenye ncha, na wa funo, swala mdogo wa msituni, ni kama huo ila mdogo zaidi. Wa nguruwe mwitu ni mpana, na kwenye tope laini vikwato vyake vya nyuma huacha alama mbili pembeni. Kinyesi nacho husomwa hivyo hivyo. Punje zinazong'aa kwa ute ni za asubuhi hiyo, ingawa wakati wa mvua kila kitu hung'aa, na hapo mzee huzivunja kwa kijiti ili aone rangi ya ndani.

Kabla ya adhuhuri tulipata ua wa kwanza. Mtegaji alikuwa amepanga matawi yaliyokatwa kwenye mstari mrefu ulioteremka kutoka kwenye kichaka hadi kwenye kijito, akiacha mianya ya upana wa bega la pongo, na katika kila mwanya alikuwa ametundika kitanzi. Vitanzi vya pongo vilikuwa kwenye urefu wa goti, vya funo vilikuwa kiasi cha kiganja kutoka ardhini. Baadhi vilifungwa kwenye magogo mazito ambayo mnyama angeyakokota hadi achoke, vingine kwenye miche iliyopindwa ili ifyatuke na kumwinua. Waya ulikuwa umepakwa tope na moshi ili usimetemete wala kunuka chuma. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua, na mzee aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kutegua kuna utaratibu wake. Mtego wa mche uliopindwa hauguswi kutoka mbele, maana ukifyatuka unaweza kumvunja mtu meno. Mtu husimama ubavuni, huushika mche, kisha mwenzake hulegeza kitanzi na kukata waya kwa koleo. Waya hauachwi msituni hata ukiwa umekatwa vipande, kwa sababu kipande cha urefu wa mkono kinamtosha funo. Ua wenyewe tuliubomoa na kuyatawanya matawi, na afande akaandika mahali hapo kwenye kifaa chake cha GPS.

Jambo moja lilionekana wazi kabla hatujamaliza mstari huo. Kila kitanzi kilikuwa kimesokotwa kuelekea kushoto, mizunguko mitatu na ncha ikirudishwa ndani. Mzee alimwonyesha afande. Afande aliuliza kama anaufahamu mkono huo, na mzee akajibu kwamba mikono iko mingi.

Alhamisi: Mapango na chumvi

Usiku mvua haikukatika, na kuni zilizokuwa nje ya banda zilikuwa zimelowa hadi kiini, kwa hiyo gunia la makaa lililodharauliwa njiani likawa ndilo lililotupikia ugali. Asubuhi tulielekea upande wa mapango. Pango la Kitum linajulikana kwa sababu ya tembo wanaoingia gizani na kukwangua ukuta kwa pembe ili wale chumvi iliyo ndani ya mwamba. Lakini tembo si peke yao, kwani pongo, nyati na wanyama wengine wadogo nao hulamba mavumbi yanayobaki. Mvua za mfululizo hufanya majani kuwa maji matupu, alisema mzee, na mnyama hutamani chumvi kama mtu aliyekula mboga zisizoungwa wiki nzima.

Ndani ya Kitum hatukuingia. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu waliokuwa wametembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg na kufa, na popo wangali humo, nami sikuona sababu ya kuwapeleka vijana wa watu gizani wakati mitego iko nje. Mtegaji mwenye akili hategi mlangoni mwa pango, mahali ambapo watalii hupita na tembo wanaweza kumharibia waya wote. Hutega kwenye mapito yanayokusanyika kabla ya kufika, pale ambapo njia tatu au nne huungana na kuwa moja.

Tulizifuata njia hizo moja moja. Mzee hubeba majivu kwenye kitambaa chepesi, na kila baada ya mwendo hukitikisa ili aone hewa inakwenda wapi. Alfajiri hewa baridi huteremka mlimani kuelekea mashambani. Jua likipata nguvu hewa hugeuka na kupanda. Na siku ya ukungu, kama ilivyokuwa, hewa husimama na kuzunguka hovyo, kiasi kwamba mwindaji hana upande wa kujificha na mnyama hana upande wa kumwamini. Baba yake, alisema, hakuwahi kuwinda siku ya ukungu uliosimama. Alikaa nyumbani akitengeneza mizinga.

Mitego ya siku hiyo ilikuwa michache na ya kizembe: kamba za nailoni za bluu zinazoonekana kutoka mbali, zimefungwa na mtu mwenye njaa asiye na mafunzo. Vijana walifurahi kuzipata. Mzee hakuziangalia mara mbili.

Ijumaa: Nyika ya juu

Afande alitaka tupande hadi juu ya mianzi, kwa kuwa maskauti waliripoti moshi. Tulianza safari giza likiwa bado, tukapita ukanda wa mianzi ambao huteleza kuliko sabuni hata wakati wa kiangazi, tukatokea kwenye miti ya ndevu na baadaye kwenye nyasi ngumu za vishungi zaidi ya mita 3,000, upepo ukivuma kutoka upande wa Uganda na mawingu yakipita chini yetu.

Saa sita mvua iligeuka kuwa mvua ya mawe. Vipande vilianza vidogo kama mtama na baadaye vikawa vya kuumiza, ardhi ikawa nyeupe, na kila unyayo uliokuwa mbele yetu ukafunikwa papo hapo. Tuliingia chini ya mwamba uliochomoza, tukabanana. Kijana mmoja hakuweza kufunga vifungo vya koti lake kwa vidole, naye afande akamfungia, kisha akamwamuru aweke mikono kwapani na asiitoe mpaka aambiwe. Baridi ya namna hiyo haina cha ajabu kwa mwenyeji, ila humdhuru upesi mtu aliyelowa jasho wakati wa kupanda. Ndiyo maana mzee alikuwa amepanda akiwa amevaa shati moja tu na koti lake likiwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na sisi tulikuwa tumemcheka.

Tukiwa pale nilitoa simu na kuwaonyesha picha za mpwa wangu anayefanya kazi Wisconsin, Marekani, ambaye wenyeji wake wamemfundisha kuwinda. Kule msimu mkuu wa bunduki wa kulungu wenye mkia mweupe ni siku tisa mwishoni mwa Novemba; baada yake huja siku za magobore, na pinde huendelea katika theluji ya Desemba, wakati kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 15 chini ya sifuri. Sungura na kuchakuro huwindwa hata baada ya hapo, katikati ya majira ya baridi. Kila mwindaji hulipia leseni, na akimuua kulungu hana budi kumsajili.

Mzee aliishika simu mbali na macho na kuuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kumwuliza mpwa wangu. Theluji ikifunika, kulungu anakula nini? Nilimweleza nilichokuwa nimeambiwa: machipukizi ya miti, na mahindi yaliyoanguka kwenye mashamba yaliyovunwa. Na analala wapi? Kwenye miteremko inayopata jua na kwenye miberoshi iliyoshikamana, mahali ambapo upepo haufiki. Mzee aliunganisha mwenyewe. Kwa hiyo, alisema, mwindaji hukaa kati ya kitanda na chakula, na baridi ikizidi mnyama hawezi kungoja usiku, hutoka mchana kwa sababu njaa imemshinda woga. Nilipomwambia kwamba ndivyo mpwa wangu alivyoandika, alitikisa kichwa na kusema kwamba pongo ni hivyo hivyo: mvua kubwa ikinyesha hajitokezi, maana kelele za matone zinamzuia kumsikia chui, lakini mvua ikikatika baada ya kunyesha usiku kucha, hutoka kwenye ukingo wa msitu hata kama ni saa nne asubuhi. Mtegaji anajua. Ndiyo maana hukagua vitanzi vyake si alfajiri tu, bali pia kila mvua inapokatika.

Skauti mmoja aliuliza kwa nini watu wa kule waruhusiwe na sisi tukatazwe. Afande alijibu kwamba kule kulungu ni wengi mno na huhesabiwa, ilhali hapa pongo wa ukingo huu hawawezi kustahimili hata waya uliopo. Skauti hakuridhika, na sidhani kwamba swali lake lilikuwa la kipuuzi. Mzee alisema jambo jingine kabisa: kwamba mwindaji wa kwenye picha alimwona mnyama wake na kuchagua, lakini waya hauchagui. Baba yake, alisema, aliacha mitego na kubaki na mkuki na mbwa mwaka aliompata pongo jike mwenye mimba kwenye kamba yake, na hakuna serikali iliyomlazimisha.

Mvua ya mawe ilipokoma moshi haukuonekana tena popote. Tulishuka kwa taabu, magoti yakitetemeka.

Jumamosi: Funo

Mvua ilikatika karibu saa tatu asubuhi, na mzee akatuhimiza turudi haraka kwenye ukingo wa Jumatano, upande wa magharibi wa kijito ambao hatukuwa tumeumaliza. Sababu yake ilikuwa ile ya jana: kama kuna kitu kimetoka kula, ni sasa, na kama kuna mtu anakuja kukagua, ni sasa vilevile.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Funo akinaswa hulia kwa sauti nyembamba na kali isiyolingana na mwili wake. Alikuwa jike, amenaswa mguu wa nyuma, na ardhi iliyomzunguka ilikuwa imechimbwa hadi mizizi. Afande aliwaamuru wote wasimame na wanyamaze, kwa kuwa mnyama mdogo wa aina hiyo anaweza kufa kwa hofu tupu hata baada ya kufunguliwa, na kadiri watu wanavyozidi kumzunguka ndivyo anavyozidi kujirusha na kujivunja. Angekuwa pongo dume mwenye pembe, wangempigia simu daktari wa wanyama na kungoja, maana dume aliyebanwa amewahi kumtoboa mtu tumbo. Kwa funo, watu wawili wanatosha.

Mzee alivua koti na kumkaribia kwa mgongo wa upepo ili anuse mapema na asishtuke ghafla. Alimtupia koti kichwani, akamlalia kidogo kwa kifua na kumshika miguu juu ya goti. Giza likamtuliza mara moja. Mimi nilishika waya na afande akakata karibu na ngozi. Kitanzi kilikuwa kimekata manyoya na ngozi lakini hakikuufikia mshipa, na mfupa ulikuwa mzima. Afande alimwagia dawa ya buluu kwenye jeraha, mzee akahesabu kimya kimya kwa midomo, kisha wakaondoka juu yake kwa pamoja na kulivuta koti. Alisimama, akayumba, akatazama upande usiofaa, kisha akaingia kichakani akichechemea. Skauti alitaka kumfuata ili aone kama atapona. Mzee alimshika mkono.

Waya niliokuwa nao mkononi ulikuwa umesokotwa kushoto, mizunguko mitatu, ncha ndani.

Tulimaliza ua wote wa upande huo bila maneno mengi, na kazi ilituchukua hadi mvua ya alasiri. Karibu na mwisho wa mstari tulikuta nyayo za mtu mwenye gambuti iliyopasuka kisigino cha kulia. Matope yalikuwa bado yanateremka ndani ya alama hizo, maana yake alikuwa amesimama pale akitutazama muda mfupi kabla ya sisi kufika. Nyayo ziligeuka na kuelekea mashambani.

Jumapili: Langoni

Ofisini kwenye lango tulimwaga mitego sakafuni ili ihesabiwe. Afande aliipanga kwa aina: waya wa breki, waya wa uzio uliofumuliwa, nailoni, na nyaya nene za shaba ambazo hakuna aliyeweza kusema zilitoka wapi. Mitego iliyosokotwa kushoto ilikuwa mingi kuliko mingine yote kwa pamoja, jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo muhimu zaidi katika safari hii: uharibifu wa ukingo mzima ulitokana kwa sehemu kubwa na mtu mmoja stadi, na wale wengine ni wenye njaa wa kupita tu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kupanga doria, ningeanzia hapo.

Afande alifungua daftari la kumbukumbu na kujaza tarehe, mahali na idadi. Alipofika kwenye safu ya mshukiwa aliinua kalamu na kumtazama mzee.

“Mzee, wewe unamjua.”

“Namjua aliyemfundisha,” mzee alijibu. “Tulifundishwa siku moja, afande. Huyu ni mtoto wake, na ana watoto watano na shamba la kukodi. Niache niende kwake leo kabla ya giza.”

“Na akikataa?”

“Nitakuambia jina mwenyewe. Lakini akikubali, mwandike kwenye orodha ya maskauti. Hakuna kati ya hawa vijana anayejua msitu huo kuliko yeye.”

Afande alikaa na kalamu hewani. Alisema kwamba orodha ya maskauti si yake, kwamba ingebidi aiulize ofisi, na kwamba mtu hawezi kulipwa kwa kuacha kosa. Mzee hakubisha. Alisema tu kwamba mahindi yatakauka Oktoba, na kwamba kuanzia sasa hadi wakati huo kuna mvua nyingi za kukatika asubuhi. Mwishowe afande aliandika “hajulikani” kwa penseli, akaweka kalamu yake ya wino mfukoni, na kumwambia mzee kwamba daftari hukaguliwa na mkubwa wake kila Ijumaa.

Tulimshusha mzee kwenye njia panda ya kijiji chake tukiwa tunaelekea Kitale. Alichukua kilo mbili za sukari kutoka kwenye akiba yetu, kwa kuwa haendi mtu mikono mitupu kwenye nyumba yenye watoto, akaomba pia kipande kimoja cha ule waya uliosokotwa. Sikuwa na ruhusa ya kumpa, kwani vyote vilikuwa vimeshaandikwa na kubaki langoni, nami nikamwambia hivyo. Alisema si kitu, ataueleza kwa mdomo.